Waridi Lililoacha Kunukia

4 Februari 1996

Mwanangu Chiriku,

Pokea salamu za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mimi, kuku wasiotaka kutaga, na Kinyozi wa chumba cha mbele ambaye redio yake ndiyo inayoniamsha kabla ya jua. Mpangaji mzuri, hana neno, ila akianza kusimulia mpira unaweza kuzeeka umesimama mlangoni. Mimi ni mzima wa afya. Kitalu changu cha kando ya barabara kinaendelea, miche ya mipapai imetoka yote, na yule mama wa duka la vitambaa amerudi kulalamika kwamba michongoma niliyompa ina miiba. Nikamuuliza, ulitaka ua wa michongoma au wa vitambaa? Kaondoka amenuna.

Sasa nikuulize jambo, maana wewe ndiye mtaalamu wa mawaridi, na mshahara unaula kwa jina lao. Lile waridi la miski pale barazani, alilolipanda marehemu baba yako, limechanua vizuri ajabu. Vishada juu ya vishada. Matumba yake ya rangi ya embe bivu yanafunguka na kuwa meupe, kama kawaida yake. Lakini halinukii. Hata kidogo! Unalijua waridi lile, halikuwa la kuwekea pua. Lilikuwa likikufuata lenyewe mpaka njiani. Juzi nimetumbukiza uso mzima kwenye kishada hadi nyuki akanifukuza, na nilichoambulia ni chavua tu puani.

Nimekasirika, nimelimwagia samadi ndoo nzima. Niambie nitie nini kingine, na usinijibu kwa maneno ya darasani.

Shangazi yako

25 Februari 1996

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwenye kibanda cha banda la mawaridi, nimekaa juu ya gunia la mboji, nikacheka peke yangu kwa habari ya michongoma hadi wenzangu wakadhani nimepagawa. Nami ni mzima. Habari niliyokuwa naiweka moyoni ni hii: nimepewa banda lote kulisimamia. Mawaridi yote yaliyo chini ya kivuli, na wafanyakazi wake, yako mikononi mwangu. Wakubwa wa bustani wameniambia wataniangalia mpaka mwisho wa mwaka. Usingizi wangu umekuwa wa kuokoteza, lakini nina furaha.

Kuhusu waridi: Shangazi, samadi ndoo nzima ya nini? Umelivimbisha. Waridi likishiba sana linatoa majani na kusahau mengine. Acha samadi. Tia majivu ya kuni, kiasi cha viganja, uyachanganye na udongo wa juu. Mwagilia asubuhi, usimwagilie jua likiwa kali. Kata vishada vilivyonyauka, ukate juu ya jani lenye afya, na litachanua tena. Uzuri wa miski ni huo, haikai na kinyongo, ukiipogoa inarudi. Na unuse asubuhi ukungu ukishaondoka, maana upepo mkavu huiba harufu.

Je, kuna mtu mwingine aliyelinusa?

Mwanao, Chiriku

20 Machi 1996

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na hongera! Nimetembea mtaa mzima nikitangaza kwamba mwanangu ana banda. Kinyozi anauliza ni banda la kuku au la magari, nikamwambia nyoa watu wewe.

Nimefanya yote. Majivu nimetia, maji ya asubuhi nimemwagilia, vilivyonyauka nimekata. Waridi halikuchelewa, limeniletea vishada vipya vinono. Na halinukii. Nimefukua udongo wote kuzunguka shina, nikauondoa, nikaweka mwingine kutoka kule nyuma kwa mgomba. Nimefunika mizizi kwa nyasi. Nimelisemesha. Nimelitukana. Hakuna.

Uliuliza kama mwingine amelinusa. Kinyozi anasema linanukia mpaka ndani ya chumba chake cha kunyolea na wateja wanaulizia. Lakini huyo ni mtu wa kupaka watu marashi mashavuni kutwa nzima, pua yake ilishakufa, anasikia harufu hata pasipo na kitu. Tena ana maneno. Juzi nimesahau maziwa jikoni yakaungua, akaja mbio kutoka mbele ananiambia mtaa mzima unanuka, mimi nimekaa palepale mezani nachambua mchele. Nikamwambia moshi wenyewe uko wapi? Kumbe ulikuwa unatoka dirishani. Tumecheka sana.

Nimempa dereva wa basi kifurushi. Ni vijiti nilivyokata kwenye waridi lenyewe, nimevifunga kwa gazeti lililoloweshwa. Uvipande huko kwenu, kwenye udongo wenu wa kisomi. Vikitoa ua, ulinuse wewe mwenyewe. Usimtume mtu akunusie, wala usiniambie kwamba wenzako wamesema. Pua yako. Kisha uniandikie siku hiyohiyo.

Shangazi yako

11 Aprili 1996

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Kifurushi kimefika salama, gazeti bado bichi. Vijiti viwili vitatu vilikuwa vimeoza chini, vilivyobaki nimevipanda kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, nimevifunika kwa nailoni. Nimeviweka karibu na mlango ili nivione kila nikiingia. Miski ina moyo mwepesi wa kushika mizizi.

Huku kazi imepamba moto. Bomba la maji lilipasuka ndani ya banda nikashinda ndani ya matope na viatu vyangu vizuri. Msimamizi mkubwa akaja akanikuta hivyo, akaguna tu, akaenda zake. Sijui kuguna kule kulikuwa kwa maana gani na nimekuwa nikiwaza tangu siku ile.

Shangazi, nimeisoma tena ile habari ya maziwa na sikucheka. Ulikuwa umekaa mezani. Meza na jiko viko chumba kimoja. Hukusikia harufu ya maziwa yanayoungua? Vitunguu je, ukikaanga unavisikia? Mafua unayo? Na kichwa hakikuumi? Naomba unijibu haya moja baada ya jingine.

Chiriku

30 Mei 1996

Mwanangu,

Nisamehe kwa kukawia. Mvua zilikuwa nyingi, barabara iliharibika, halafu miwani yangu imeanza kunisumbua, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usishangae. Kuku mmoja ameanza kutaga. Yule mama wa vitambaa ameng'oa michongoma, sasa anataka jasmini, yaani ahangaike nayo tu. Kinyozi amepata kiti kipya cha kuzunguka, na anakizungusha hata pasipo na mteja. Mipera imeshika. Ugonjwa wa ukungu mweupe ulitaka kuingia kwenye miche ya nyanya nikauwahi.

Vile vijiti vimechanua?

Shangazi yako

2 Julai 1996

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Yametoka. Miche yenyewe bado haijafika hata magotini kwangu, na mtu mwenye akili angeyakata maua hayo ili mizizi inenepe kwanza, lakini mimi nimeyaacha. Asubuhi nilifungua mlango wa banda na kabla sijaingia nikajua. Sikuinama wala sikukiona kishada. Ni ile harufu ya barazani kwetu, ya asali na karafuu kwa mbali. Nimesimama pale na funguo mkononi nikalia. Nimelinusa mwenyewe, kwa pua yangu mwenyewe, kama ulivyoniagiza.

Shangazi, vijiti ni vya waridi lilelile. Waridi halina kosa. Halikuwa na kosa tangu Februari, na mimi, mtu wa banda zima, nimekaa nakuandikia habari za majivu! Mtu mwingine yeyote angeambiwa ua halinukii angemwangalia mwenye pua. Sisi tukaenda kuhangaika na udongo.

Sikukaa kimya. Nimekwenda kwa daktari wa hospitali kubwa ya huku, nikamweleza yote: maziwa, miwani, mistari ya barua inayopanda mlima. Alitaka kujua umri wako. Alisema harufu inaweza kupotea kwa mambo mengi, mengine madogo, lakini macho yakianza kufuatana nayo hataki kubahatisha. Anataka upigwe picha ya kichwa. Mashine iko hapahapa, mwendo mfupi kutoka ninapokaa. Alisema, "Mlete mapema." Neno hilo mapema alilisema mara mbili.

Nakuomba. Funga kitalu, Kinyozi atamwagilia. Panda basi uje. Naogopa, sitakuficha.

Chiriku

19 Julai 1996

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimempa Kinyozi anisomee, kisha nikaishika mwenyewe nikaisoma polepole pale uliposema umelinusa. Namshukuru Mungu. Nimekaa barazani nikamshukuru kwa sauti, wateja wa Kinyozi wakageuka.

Sasa nikueleze, maana nimechoka kuzunguka. Uliambiwa baba yako alikufa kwa homa. Ulikuwa darasa la kwanza, mama yako alishatangulia, na sisi wakubwa tuliona homa ni neno linaloingia katika kichwa cha mtoto. Haikuwa homa. Mwaka mmoja kabla ya kufa aliniambia waridi limeacha kunukia. Yeye aliyelipanda! Akalitia samadi, akabadilisha udongo, akalihamisha kutoka uani akalileta barazani lipate hewa. Mimi nilikuwa namshikia jembe na waridi linanukia mbele yangu, namwambia kaka, mbona linanukia, ananijibu, dada, pua yako ina huruma. Baadaye kikaja kichwa, yakaja macho. Walipompasua walikuta kitu kimekaa ndani, mbele, juu ya pua, kimekaa siku nyingi, na muda ulishakwisha.

Kwa hiyo nilijua. Siku nilipotumbukiza uso kwenye kile kishada nikaambulia chavua, nilijua. Nilikuandikia juu ya samadi kwa sababu nilitaka uniambie kweli kosa ni la samadi. Uliniambia hivyo, na kwa mwezi mzima nilikuamini.

Vile vijiti sikuvituma kwa ajili ya waridi. Wewe ni mtoto wa yule, una pua yake, una paji lake la uso, na mimi dada yake kimenipata. Nilitaka kujua kama kwako bado harufu inaingia. Ndiyo maana nilikusumbua na habari ya pua yako.

Nitakuja. Ila nina sharti, na ukinijua hutapoteza muda kunibembeleza. Sipandi basi mpaka na wewe upigwe hiyo picha kwanza. Usiniambie unanusa. Kaka naye alikuwa ananusa mpaka siku alipoacha. Upigwe, usomewe, uniandikie. Mimi nikija kulazwa huku nawaza kichwa chako, watanipasua bure.

Shangazi yako

8 Agosti 1996

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nimepokea barua yako, na asante kwa kuniambia habari za baba. Nitakuandikia juu yake siku nyingine nikitulia.

Huku kuna balaa la vidukari. Wameingia upande wa pili wa banda na kukaa chini ya majani, na dawa ya sabuni haiwatoshi, nimelazimika kuwaosha kwa bomba kishada kwa kishada. Wafanyakazi wawili wanaumwa. Msimamizi mkubwa amesema wageni kutoka wizarani watapita kuyaangalia mawaridi, hajasema lini, kwa hiyo kila siku tunafagia kana kwamba ni leo. Miche yako ya miski nimeihamishia kwenye vyungu vikubwa. Nimeipogoa kidogo. Mboji ya huku ni nzito, nimeongeza mchanga.

Kuhusu lile sharti, mimi ni mzima kabisa, nina nguvu, nakula vizuri. Mashine ile ina foleni ya wagonjwa wa kweli na si vizuri kumchukulia mtu nafasi. Wewe njoo kwanza, tukishamaliza yako tutaona. Tafadhali Shangazi, njoo.

Chiriku

25 Agosti 1996

Chiriku,

Sijambo. Umeniandikia ukurasa mzima wa vidukari.

Unadhani sikuijua barua hiyo? Ndiyo niliyokuwa nakuandikia mimi, yenye kuku na mama wa vitambaa. Nilipoisoma nilijiona mwenyewe, na nimekasirika kwa ajili yetu sote wawili. Wewe hujambo, mimi sijambo, na baba yako naye alikuwa hajambo. Sharti langu liko palepale.

Shangazi yako

Dada, nisamehe kwa kuandika chini ya barua ya mkubwa wangu, amenipa nikaitie posta na sijamwomba ruhusa. Mimi Kinyozi. Nakuambia mambo asiyokuambia. Juzi jioni niliingia jikoni kuomba kiberiti nikakuta gesi imeachwa wazi, chumba kimejaa, naye amekaa anashona kifungo na hana habari. Nilikuwa nimechomeka sigara sikioni, sijaiwasha. Kesho yake sikufungua kazi, sikunyoa mtu. Mtungi nimeuhamishia kwangu, nampikia mimi, ananitukana kwamba chumvi siijui. Pia asubuhi anaamka ameshika kichwa. Dada, chochote anachokutaka ufanye, kifanye.

8 Septemba 1996

Shangazi wangu, shikamoo.

Kabla ya yote: nimepigwa picha, nimesomewa. Hamna kitu. Daktari alizitundika kwenye taa, akanionyesha kwa kalamu yake pale mahali, juu ya pua, akasema, "Hapa ndipo tulipokuwa tunapatafuta, na pako safi." Nilimwomba aseme tena. Akasema tena. Kisha akaniambia kwamba kitu cha aina hiyo mara nyingi hakifuati damu, ila kwa kuwa wewe na baba mmefuatana, atanitazama tena kila baada ya muda, na mimi nimekubali. Nimemwachia jina langu na la kwako.

Sasa nikuambie ukweli wa vidukari. Niliogopa. Tangu niliposoma habari za baba nilikuwa nanusa kila kitu. Nanusa sabuni kabla ya kuoga, nanusa kitunguu, nanusa makwapa yangu, nanusa mboji, na asubuhi nalala kitandani naogopa kuinuka nisije nikafika bandani nisisikie kitu. Siku moja nilikuwa na mafua kidogo, nikajifungia chooni kazini nikalia kwa kelele. Na katika hali hiyo ndipo nilipokuwa nakuandikia wewe uje haraka, kana kwamba kichwa chako ni rahisi kufunguliwa na changu ni cha dhahabu. Nilikuona mkaidi. Kumbe mimi ndiye nilikuwa sitaki kujua.

Maneno ya Kinyozi ndiyo yaliyonisukuma. Mwambie nimemshukuru, na sigara aache. Siku ile nilipoenda walinilaza kwenye kimeza chembamba kinachojisukuma chenyewe ndani ya tundu, wakaniambia nisimeze mate. Mtu akiambiwa asimeze mate hutamani kumeza hayo tu! Nilimfikiria baba akiwa na jembe lake. Nilikuwa na hasira naye, halafu nikamhurumia sana, kwa sababu alipendelea kosa liwe la udongo.

Msimamizi mkubwa nimemweleza, nikitegemea aninyang'anye banda. Aliguna tu, akanipa likizo. Nadhani ndivyo alivyoumbwa.

Daktari amesema usisubiri mwisho wa mwezi. Kitanda changu nimekutandikia, mimi nitalala chini. Sharti lako nimelitimiza, Shangazi, na sasa zamu yako. Ukikataa nitakuja kukubeba mgongoni, na ujue nimepata nguvu kwa kubeba vyungu.

Mwanao, Chiriku

17 Septemba 1996

Mwanangu Chiriku,

Anayeandika ni Kinyozi, maneno ni yangu, na nimemkataza kuongeza yake.

Uliposema pako safi nilimwambia arudie, kama ulivyomwambia daktari. Alirudia mpaka mteja akaondoka na nusu ya ndevu. Nilikuwa nimebeba kitu kimoja kikubwa tangu Februari na nimekitua. Kilichobaki ni changu peke yangu, na changu nitakuja nacho. Naogopa kupasuliwa. Sijawahi kukuambia kwamba naogopa kitu, tangu ukiwa mtoto, sasa nakuambia.

Barua hii nampa yule dereva wa basi ikutangulie; tiketi nimekata, nafika Ijumaa jioni. Mbele ya Kinyozi huwa najifanya naona vizuri, na sasa ameandika sentensi hii na ananiangalia. Ukija stendi usinipungie mkono kutoka mbali. Njoo karibu, unishike, na usimame upande wangu wa kulia, maana wa kushoto sitakuona.